Anwani Iliyohama

Asubuhi hiyo mama alikuwa akifuta vumbi kwenye kompyuta za duka lao la intaneti. Umeme ulikuwa umekatika usiku, na sasa mumewe alikuwa nyuma akiwasha upya vyombo vya mtandao. Mtaani wanamwita Fagio. Hapendi vitu vingi. Hata vifuniko vya sufuria alishavitupa, eti vinajaza kabati.

Binti yao aliketi kwenye kompyuta ya dirishani. Siku hiyo alikuwa na mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi. Chuo kilikuwa kimesajili kompyuta hiyo na intaneti ya duka, si vingine. Asiyeingia kabla ya saa tatu angesubiri mwaka mzima.

Binti aliandika jina la tovuti ya chuo. Ukurasa haukufunguka. Akajaribu tovuti nyingine. Nayo vilevile.

Fagio alikagua nyaya, akazima vyombo, akaviwasha tena. Wapi! Akaanza kuilaumu kampuni ya intaneti. Mama hakumsubiri amalize. Alikimbia kwa jirani yao, mhandisi wa mitandao, akamkuta anapiga mswaki.

Jirani alikuja na kompyuta yake kwapani. Hakugusa nyaya. Aliandika namba badala ya jina, na majibu yakarudi.

“Intaneti ipo,” alisema. “Tatizo ni majina.”

“Majina yanapoteaje tena?” mama aliuliza.

“Kompyuta zinafuata namba, dada. Namba ndiyo anwani. Huu mtambo wenu wa intaneti kazi yake ni kuulizia: chuo fulani kina anwani gani? Ukiwashwa haujui kitu. Unaanza kwa kuuliza seva za mzizi, zile za juu kabisa, nazo zinauelekeza pa kwenda. Ziko kumi na tatu. Anwani zake huwa zimeandikwa humu ndani.”

Alifungua orodha hiyo. Ilikuwa na anwani moja tu.

Mama alimgeukia mumewe. Fagio alikuwa akitazama sakafu.

“Niliona ni nyingi mno,” alisema. “Nikabakiza moja. Mbona siku zote ilifanya kazi?”

Jirani alieleza huku vidole vyake vikiendelea na kazi. Seva ile ilikuwa imehamia anwani mpya. Wahusika walitangaza mapema, wakaiacha anwani ya zamani ijibu kwa muda mrefu, kisha wakaizima. Mtambo haukuona shida, kwa kuwa ulipowashwa mara ya mwisho anwani ya zamani ilikuwa bado inajibu, ikaupa orodha mpya. Umeme ulipokatika, ukasahau yote. Ukaamka na anwani ile moja, na huko hapakuwa tena na wa kuujibu.

“Zingekuwepo zote, moja kuhama si neno,” alisema. “Mtambo ungeuliza nyingine, na hiyo ingeupa orodha ya sasa.”

Binti aliuliza kwa sauti ndogo kama muda bado upo.

Jirani alipakua orodha kamili kwa intaneti ya simu yake, akaihamishia kwenye mtambo, akauwasha upya. Mama alikuwa ameshika kiti cha binti yake kwa mikono miwili. Aliogopa hata kutazama.

Ukurasa ulifunguka. Binti aliandika namba yake ya mtihani, akaingia. Saa tatu ilikuwa bado kidogo tu.

Mama alishusha pumzi. Alitaka kumsema mumewe, na maneno alikuwa nayo ya kutosha. Lakini alipomwona, aliyameza. Fagio alikuwa tayari anampigia simu dada yake.

Mama akaelewa. Dada yake Fagio ana zahanati, na majibu yote ya vipimo vya wagonjwa hupitia kwenye intaneti. Mtambo wa huko aliuweka Fagio mwenyewe, na orodha yake aliipunguza vilevile.

“Dada, huko umeme haujakatika?” Fagio aliuliza. Akasikiliza. “Basi usiuzime ule mtambo, tafadhali. Nakuja na anwani zote.”