Wavu wa Sikudhani wa Kunasa Ndoto

Wewe unayebenua mdomo, hebu uache. Hujasikia hata neno moja, umeshasema ni uongo? Kaa chini.

Palikuwa na msichana, jina lake Sikudhani. Aliishi na bibi yake, Bibi Mwanjaa.

Kila akilala, Sikudhani aliota chura. Chura mkubwa, amevaa mabuti.
Pu! Pu! Pu!

Basi mbio, mpaka kitandani kwa Bibi.

"Unapiga mateke kama punda," Bibi akasema asubuhi. "Leo kila mtu kitandani kwake."

"Na chura je?"

"Chura naye ana kwao."

Sikudhani akaenda shule na mawazo yake. Mwalimu akasema upo wavu wa kunasa ndoto. Unausuka duara, unautundika dirishani. Ndoto mbaya ikipita, nyaku! Imenasa.

"Bibi, nipe ukindu nisuke wavu."

"Ukindu wangu ni wa mikeka, mke mwenzangu. Nani alikalia ndoto?"

Sikudhani akaenda shambani. Akakata marando ya viazi vitamu, marefu, mabichi, na majani yake.

Pindua, pitisha, kaza.
Pindua, pitisha, kaza.

Akachomeka unyoya wa jogoo. Jogoo hakuulizwa.

Bibi akautazama wavu, juu, chini.
"Umependeza," akasema. "Umebaki kuungwa nazi tu."

Sikudhani akauchukua wavu wake. Akautundika dirishani, akajifunika mpaka puani.

Akangoja. Kimya. Akalala.

"Meee! Meee!"

Sikudhani akaruka. Bibi akaja na taa.

Dirishani kulikuwa na ndevu. Ni Hakimu, mbuzi wa Bibi. Unyoya wa jogoo umemganda mdomoni.

Wavu? Hakuna wavu.

"Bibi! Ameula wote!"

"Ameula pamoja na chura wako," Bibi akasema. "Sasa anayemwota ni yeye."

Labda lilikuwa tumbo tu, limejaa marando. Bibi hakulitaja tumbo.

"Meee!" Hakimu akatetemeka.

Sikudhani akamwonea huruma.
"Bibi, aingie ndani."

"Mbuzi? Chumbani?"

"Anaogopa peke yake."

Bibi akaguna. Akaenda kumfungulia.
"Akila sare yako, shule utaenda na gunia."

Hakimu akaingia, ko, ko, ko. Akalala chini ya kitanda cha Sikudhani, kichwa nje.

Sikudhani akamshika sikio.
"Usiogope, Hakimu. Yule ni chura tu. Na mabuti yenyewe makubwa, yanamvuka. Akikimbia anaanguka, pu!"

Hakimu akatulia.

"Akianguka, mcheke," Sikudhani akasema. Akapiga miayo. "Mimi nitamcheka..."

Hakumaliza. Alishalala.

Bibi akawatazama, mtu na mbuzi.

"Atakayekojoa humu, atafua," akasema.

Akatoka na taa yake. Akafunga mlango.