Mabega ya Koti la Doru

La, halikuwa jeusi. Sijui nani kakwambia jeusi. Koti la Doru lilikuwa la rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa, sufu nzito, vifungo vikubwa, na kimoja hakipo kwa sababu Doru aliapa atakishona kesho. Na kesho ya Doru, Mungu amrehemu, haikuwahi kufika. Kijana mrefu yule, akipita mlangoni anainama kama anaomba radhi. Daktari alimwambia, moyo wako huu usibebe kitu kizito kuliko mkate. Akasema sawa. Wiki ileile akafia ngazini, kijana mbichi kabisa, kabeba friji ya jirani mgongoni.

Basi mwaka wa msiba ukawa unakaribia kutimia, na dada yake, Smaranda, alikuwa kachoka mpaka kope. Si unajua mambo yetu: mwaka ukitimia padri anasoma, ngano ya marehemu, ile iliyochemshwa na sukari, inaliwa, halafu nguo zake, kuanzia kofia mpaka viatu, anapewa kijana wa rika lake azivae. Akivaa huyu hapa, na yule kule kavikwa. Na mpaka nguo zipate mtu, hakuna anayekaa mezani. Mama yao, Mama Vasilica, kila asubuhi swali ni lilelile: mwanangu anatembea uchi mpaka lini? Vijana wa mtaa mzima wakaitwa kujaribu, koti likawameza wote. Mama hataki mtu wa kumezwa. Anataka likae kama lilivyokaa kwa mwenyewe.

Jumamosi moja Smaranda yuko soko kuu la mji wa Braila, kwenye meza za samaki. Kavaa gauni la kijani na mkanda mweupe, kitambaa kimemteleza kichwani, anagombana na muuzaji anayetaka kumuuzia mkia kwa bei ya kichwa. Mara akaona mgongo. Mgongo, bwana wewe, mpana kama mlango wa kanisa. Akamwacha samaki. Akaenda nyuma ya yule mtu, akanyoosha vidole, akaanza kumpima mabega kwa shubiri.

Mtu akageuka taratibu. Kijana wa macho ya kucheka, amevaa sare ya madereva wa tramu, treni zile ndogo za mjini.

"Dada, unanishonea suti au jeneza?"

Smaranda akaona haya mpaka masikioni. Hapo ndipo angesema. Angesema tu, kaka, nina nguo za marehemu, basi, yaishe. Lakini kijana alikuwa anatabasamu, na yeye alikuwa hajatabasamiwa mwaka mzima bila mtu kumwongezea pole. Akasema, "Nilikuwa naangalia tu kama mtu anaweza kuwa mrefu hivyo bila sababu."

Jina lake Remus. Akambebea kikapu mpaka kituoni. Toka siku hiyo simu haikupoa. Remus alikuwa akifika mwisho wa reli, kabla hajageuza tramu, anapiga.

"Fundi wangu, umeamkaje?"

"Nimeamka na kazi. Nguzo ya taa, wewe huna abiria?"

"Wapo. Bibi mmoja ananinunia hapa. Nimwambie nini?"

"Mwambie ashuke, atembee, ni afya."

Wiki zikaenda hivyo, na Smaranda kila jioni anasema kesho nitamwambia habari ya koti. Unaona? Kesho, kesho. Damu ile ile ya kaka yake. Mwisho akamwita nyumbani, akamwambia kuna koti la kaka yangu, lijaribu tu. Remus akalivaa. Lilikaa kana kwamba mshonaji alimjua tumboni mwa mama yake. Mama Vasilica akatoka jikoni na mwiko, akamwona, akaketi palipokuwa karibu, kumbe ni juu ya kikapu cha vitunguu.

"Jumapili," akasema, machozi yanamtiririka, "utalivaa mbele ya padri. Utakuwa mwanangu."

Remus akageuka rangi. Akalivua koti, akalitundika vizuri, akasema ana zamu, akaondoka akiruka ngazi mbili mbili.

Smaranda akaelewa anavyoelewa mtu mwenye hasira: huyu anaona kinyaa nguo za maiti. Jioni Remus alipopiga, akianza tu kusema sikiliza fundi wangu, hakumwachia.

"Usinieleze. Nilichokuwa nakitaka ni mabega tu, na mabega yamejaa mjini."

Akakata. Kisha akalia, akamlaumu Doru kwa kufa, akamlaumu na muuza samaki.

Jumapili ikafika. Chumba kimejaa majirani, padri kamaliza kusoma, ngano imeshaonjwa. Mezani supu ya samaki, kabichi zilizoviringwa na nyama, mikate ya kusuka, na hakuna anayekaa. Koti limetandikwa kitini, viatu chini yake, linasubiri mtu. Supu ikapoa, ikapashwa, ikapoa tena. Na watu wenye njaa, unajua, wanasema sana. Mmoja akasema Doru alikuwa malaika. Mwingine akasema hakuwahi kumuudhi mtu. Mwenye friji akaongeza kuwa alikuwa mtaratibu.

Smaranda akashindwa kuvumilia.

"Mtaratibu nani? Tazameni ukuta huo wa jikoni. Nusu bluu, nusu vumbi. Alisema anaenda kununua brashi, miaka mitatu. Baiskeli yangu alimwazima mtu asiyemjua jina. Alipiga mluzi alfajiri mpaka jirani akatupa kiatu, naye akakichukua kiatu akakivaa. Aliniudhi kila siku ya Mungu. Msinipe malaika mimi, malaika sikumjua. Namtaka yule."

Hata padri akatazama viatu vyake.

Mlango ukabishwa. Alikuwa Remus, suti yake mwenyewe, nywele zimelowa maji ya kuchania. Na pembeni yake binamu yake, Gelu, kijana wa rika la marehemu, lakini mfupi, jamani, mfupi kiasi kwamba Remus akisimama naye ni kama tramu na kibanda cha tiketi.

"Huyu ndiye atakayevaa," Remus akasema.

Mama Vasilica akamtazama Gelu juu mpaka chini, na safari hiyo haikuwa ndefu. "Koti litamfika miguuni. Na wewe ulilikataa kwa nini? Lilikuchoma?"

Remus akamsogelea. "Mama, bibi yangu alinifundisha, anayepokea nguo za marehemu ni mtoto wa nyumba ile. Binti wa nyumba ni dada yake. Mimi nataka kuwa mwanao, Mama, lakini si kwa njia ya koti. Kuna njia nyingine, na inapita kwa huyu." Akamwonyesha Smaranda kwa kidevu.

"Kwa nini hukuniambia?" Smaranda akauliza.

"Ulikata simu, fundi."

Wanawake wote wakaguna pamoja. Mama Vasilica bado alikuwa anatikisa kichwa, anasema haiwezekani, halimtoshi, mwanangu ataonekanaje. Ndipo Smaranda akapiga magoti mbele yake.

"Mama, unamkumbuka mlinzi wa soko? Baridi ile kubwa? Doru alimvulia viatu vyake barabarani, mguu wa mlinzi ni kama wa mtoto. Alimwambia nini?"

Mdomo ukamcheza Mama.

"Jaza magazeti," akasema. "Akarudi na soksi kwenye theluji. Nilimpiga kwa kijiko, mpumbavu yule."

Akacheka. Mwaka mzima hakuwa amecheka, na alicheka mpaka akashika meza. Akachukua koti, akamvisha Gelu kwa mikono yake, akamkunjia mikono ya koti mara tatu, na jirani mwenye friji akakimbilia magazeti ya viatu. Gelu akasema inavyopasa kusemwa, Mungu amsamehe marehemu, na chumba kizima kikaitikia.

"Sasa na wewe," Mama akamgeukia Remus, "ukitaka njia nyingine, utaanza na ukuta wa jikoni."

"Kesho, Mama."

"Leo," wakasema Mama na binti yake kwa pamoja.

Supu ikapashwa mara ya mwisho. Gelu akawekwa kwenye kiti cha Doru, ni kofia tu inayoonekana juu ya kola, Remus akabanwa karibu na Smaranda, goti kwa goti, na watu, hatimaye, wakakaa wakala.