Mlango wa Chumba cha Osée

Jioni ile nilifunga meza yangu ya makayabu, samaki wa chumvi, mapema, nikapanda toleka, baiskeli ya abiria, hadi kiwanja chetu cha Kabondo. Binti yangu Kasoki alikuwa amenitangulia kwa miguu na fungu la kamba. Fundi Cyprien alitaka tupime nyumba kabla ya giza, ili asubuhi vibarua waanze kuchimba msingi. Mume wangu, Télesphore, alikuwa Isangi, safari ya mtoni, akinunua samaki. Kwa hiyo nyumba ilikuwa kazi yangu, kama mambo mengine.

Cyprien alikuwa amekwisha kupigilia vijiti vya mbele.

"Mama Mumbere, salon kubwa namna hii, munafungua kanisa?"

"Ni ya wageni."

"Wageni watalala ku salon, na nyiye mutalala wapi? Bon. Watoto wangapi?"

"Watatu," nilisema.

Kasoki aliacha kukunjua kamba, akanitazama. Cyprien akapima vyumba vitatu vya watoto, cha mwisho kidogo, kwenye kona ya nyuma, kimegusana na cha Kasoki. Ningeweza kumrekebisha. Sikumrekebisha. Nilikuwa nimechoka, na kamba ilikuwa imekwisha kufungwa.

Tulikuwa na wawili tu, Mumbere na Kasoki. Osée, mdogo wao, alikufa mwaka uliopita kwa homa, katika nyumba ya kupanga. Baba yake hakulia. Mimi nililia kidogo, kisha nikarudi sokoni.

Cyprien aliondoka kuwahi mtumbwi wa kuvuka mto kwenda Lubunga. "Kile kidogo sijakiwekea mulango," alisema. "Kesho utaniambia unatokea wapi."

Katika ukoo wa mume wangu, kule Lubero, kuna desturi. Kamba zikishatandazwa, mama wa nyumba husimama ndani ya kila chumba na kutaja jina la atakayelala humo. Nyumba ijue watu wake. Mama mkwe alikuwa amenikumbusha kwa simu, na mimi hufanya vitu kama hivyo ili nisisumbuliwe.

Nikasimama katika chumba cha kwanza, changu na cha mume wangu. "Télesphore na Annette."

Cha pili. "Mumbere."

Cha tatu. "Kasoki."

Miguu ikaendelea. Nikavuka kamba, nikasimama katika kile cha mwisho. Mdomo ukasema wenyewe, kama ulivyozoea wakati wa kugawa chakula:

"Osée."

"Niko, mama."

Sikupiga kelele. Nilidhani ni Kasoki. Lakini Kasoki alikuwa mbali, karibu na barabara, akiokota vijiti vilivyobaki. Na sauti ile haikuwa ya mtoto. Ilikuwa ya mtu mzima anayejibana koo ili awe mdogo.

Tena ilikuwa na mwangwi...

Kiwanja kilikuwa wazi, mihogo ya majirani pande zote, lakini neno lile lilikuwa limenirudia kama linavyorudi ndani ya kuta. Halafu harufu. Harufu ya chumba kilichofungwa siku nyingi. Godoro lenye unyevu. Jasho la mgonjwa.

Mvua ndogo ikaanza. Niliisikia ikigonga majani ya mihogo. Niliiona ikilowesha nywele za Kasoki, ambaye sasa alikuwa anakuja.

Haikunigusa.

Nikatazama chini. Nje ya kamba udongo ulikuwa unageuka mweusi. Ndani ya kamba ulikuwa mkavu.

"Wewe nani?" nilinong'ona.

"Umeniita."

"Nimeita mutoto wangu."

"Ule hakujibu... Miye nimejibu."

Kitu kikapita nyuma yangu, taratibu, kikipapasa hewa kama mtu anavyopapasa ukuta gizani. Kikafika kona. Kikageuka. Kikafika kona nyingine.

"Mulango iko wapi, mama?"

Kasoki alikuwa amefika kwenye kamba, upande wa chumba chake. Alikuwa amesikia. Nikamwona akiinua mkono ili aonyeshe, maana tumemfundisha kwamba akiulizwa na mkubwa ajibu. Niliruka kamba, nikamziba mdomo. Mvua ikanipiga usoni.

"Mama, ni Osée?" alisema ndani ya kiganja changu.

"Hapana."

"Unajua namna gani?"

"Osée alikuwa anapita chini ya meza, chini ya nguo zilizoanikwa, chini ya kila kitu. Hangeuliza mulango."

Nilishika kijiti cha kwanza nikitaka kuking'oa. Kisha nikafikiri. Kile kitu kilikuwa kinafuata kamba, kikigeuka kila zilipogeuka. Nikiziondoa, kitaenda wapi? Nikakiacha kijiti. Nikamshika Kasoki mkono, tukaondoka.

Usiku huo nilimpigia mama mkwe simu, nikamweleza.

"Chenye kimeitika hakirudi," alisema. "Mukipe ukuta. Musikipe mulango."

"Ni kitu gani?"

"Sijui, mwanangu. Kuna vitu vinangojaka jina."

Akakata. Tangu siku hiyo nikimuuliza, ananiuliza habari za soko.

Asubuhi Cyprien alicheka. "Chumba bila mulango! Mutaingia ku dirisha?"

"Bila dirisha pia."

"Alors, ni kaburi?"

"Ni depo ya mizigo. Jenga."

Kuta zilipofika kifuani aliacha kucheka. Vibarua wake walikuwa hawakubali kusimama upande wa ndani.

Tulihamia wakati wa kiangazi. Kasoki analala kwangu, na chumbani kwake tumeweka magunia ya makayabu. Jioni, nikiwa napika, nasikia kiganja kikipita kwenye ukuta wa nyuma. Kinafika kona, kinageuka. Hakichoki.

Télesphore alikisikia siku ya kwanza aliporudi kutoka mtoni. Nilimweleza yote, bila kuficha. Alienda kukaa juu ya magunia, akaweka sikio ukutani. Sasa kila jioni anakaa pale. Mtu ambaye hakulia makaburini anaueleza ukuta habari za mto, za baleinière, mashua ya mizigo, iliyokwama kwenye mchanga, za nyani aliyemwona njiani. Kisha anaita, polepole.

"Osée."

"Niko, papa."

Jana nilimfuata mle ndani. "Papa Mumbere, ile si Osée. Osée hakujibu."

"Najua," alisema. Hakugeuza kichwa. "Lakini huyu anajibu."

Leo amerudi na mlango, umefungwa juu ya toleka. Mbao nzuri, nzito, zimepigwa randa vizuri. Ameuegemeza kwenye magunia. Cyprien amekataa kuja, kwa hiyo ameazima nyundo na tindo kwa jirani.

"Utafunguka upande gani?" ameniuliza, kama mtu anayeulizia chumvi.

Nimewaambia Mumbere na Kasoki wavae viatu, wanisubiri barabarani. Namalizia kufunga nguo zao.

Pigo la kwanza limelia.



Halafu, kutoka upande wa pili wa ukuta, kitu kimegonga chini zaidi, karibu na sakafu, kumwonyesha pa kuvunja.