Unga Usiohitaji Maji

Maiti ya binti ilikuwa imelala chali kati ya meza na mlango wa maabara. Koti lake jeupe lilikuwa limeungua kuanzia kiunoni hadi kwenye kola. Vigae vya chupa ya spiriti vilitapakaa sakafuni.

Kilio cha mama yake kilipenya kutoka ukumbini. Inspekta, naye mama wa mabinti wawili, alikaza taya.

"Uzembe tu," alisema Profesa, mkuu wa maabara. "Hawa watoto nimewaambia mpaka nimechoka."

"Huyu mtoto alikuwa na shahada mbili. Alikuwa anafanya nini? Nieleze kama unavyomweleza mama yako."

"Kichocheo, Afande, unga wa kuharakisha kemikali kubadilika. Cha seli zinazogeuza hidrojeni kuwa umeme bila moshi. Wenzetu wanatumia madini ya platini, bei yake haishikiki. Mimi nimeweza kwa chuma. Chembe ndogo kuliko vumbi, zimeshikizwa kwenye unga wa kaboni. Dunia nzima inaniangalia."

"Platini haimo kabisa?"

"Hata chembe!"

"Sasa alikosea wapi?"

"Alimimina spiriti kwenye unga mkavu. Lazima uuloweshe maji kwanza, la sivyo unawaka."

Inspekta alisogea kwenye rafu. Kila kopo la unga wa platini, uliowekwa wa kulinganishia, lilibandikwa karatasi yenye mwandiko mnene: NILOWESHE KWANZA, NISIJE NIKAKUCHOMA.

"Nani aliandika?"

"Marehemu," Profesa alijibu kwa sauti ndogo.

Kopo la chuma lilikuwa wazi mezani. Halikubandikwa kitu.

"Mtu aliyeandika haya yote akasahau hilo moja?"

Mkemia wa polisi, aliyekuwa ameinama mezani, aliinua kifaa chake cha kupimia metali kutoka kwenye kopo hilo. "Afande, humu platini imejaa tele. Ndiyo iliyowasha spiriti."

Inspekta aligeuka polepole. "Unga wako wa chuma hauhitaji maji, Profesa. Ndiyo maana hakuulowesha. Aliamini neno lako. Wewe ulijuaje kwamba unga huu unawaka?"

Profesa alifuta jasho. "Chuma peke yake hakikufanya kazi. Nilikuwa nimeshatangaza. Nikachanganya kidogo..."

"Ulikuwa wapi alipoishika chupa?"

"Pale, nyuma ya kioo cha ofisi yangu."

"Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Ukanyamaza!"

"Ningemzuia angeuliza kwa nini. Huyu binti alikuwa anauliza kila kitu! Angejua. Jina langu lingekwisha. Nikasema labda hautawaka..."

"Labda!" Inspekta alipiga meza, makopo yakaruka. "Neno moja tu, 'acha', likakushinda. Ukaona afadhali aungue. Mikono!"

Pingu zililia.

"Tupitie mlango wa nyuma, Afande. Nakuomba. Waandishi wa habari..."

"Utapita ukumbini."

Alimsukuma mpaka mbele ya mama wa marehemu, aliyekuwa amejikunja kwenye benchi huku ameshika kiatu kimoja cha mwanawe.

"Mama, pole. Waliokwambia mwanao alizembea wamekudanganya." Inspekta alimshika Profesa ukosi, akamwinamisha hadi macho yake na ya mama yakakutana. "Haya. Mwambie mwenyewe."