Kiti cha Pili cha Papa Hubert

Mnisamehe mapema. Mimi ni mtu wa jukwaa, mchekeshaji. Hadithi ya kutisha mkononi mwangu ni kama foufou, ugali wetu wa muhogo, mbele ya Mzungu: itakatwa kwa kisu. Lakini shahidi aliyebaki ni mimi, basi vumilieni.

Papa Hubert (jina hilo la Kizungu Zaire ilikwisha kulikataza, sisi majirani tulilitumia hivyo hivyo) alilinda maabara moja ya samaki hapa Kisangani. Profesa alirudi Ulaya akamwachia friji ya mafuta ya taa na ampuli arobaini, vichupa vya kioo vilivyozibwa, za homoni iliyotengenezwa kiwandani, unga kidogo kama chumvi. Ukimdunga ngolo jike, yule kambare wa mtoni, mwili wake unaamini msimu umefika, na kesho yake anataga.

Mkewe, mama Berthe, alikufa bila kuzaa. Saa sita mchana Hubert alikula peke yake kati ya matangi, na kwa adabu ya kwao Maniema, kabla ya tonge la kwanza alisema, "Karibu, tukule." Aliziambia kuta.

Siku moja kiti cha pili kililia, kama kinavyolia mtu akikaa. Foufou ikamegwa upande wa pili. Ndani ya friji, ampuli moja ilikuwa tupu, na shingo yake haijavunjwa.

Angekimbia, ningemwelewa. Yeye akaanza kupakua sahani mbili.

Nilipomtembelea, kiti kile kilikuwa kimelowa, naye ananong'ona nacho. Tumbo lake lilikuwa limevimba, na kitu kinatembea ndani.

"Papa Hubert, nani iko anakula na wewe?"

"Pole pole, Désiré," akasema. "Ye pia hakuzalaka mutoto."

Nikamleta mwalimu Abdulhamid wa madrasa. Alifukiza ubani, akasoma, akatikisa kichwa: jini aliyekaribishwa hatoki kwa moshi, hutoka kwa kukosa nafasi. Adhuhuri saba mfululizo, mwanadamu akikalie kile kiti na kula. Ikikosekana moja, jini atamchukua mwenyeji wake.

Nikaapa mimi.

Siku sita nilikula. Tumbo likapungua, Hubert akaanza tena kucheka. Siku ya saba chama tawala kilikuwa na sherehe uwanjani, nikapanda jukwaani, watu wakacheka, nikaongeza kichekesho kimoja, na kingine, na kingine, jua likapita utosini bila mimi kuangalia juu, na nilipokimbia hadi maabara, katika korido iliyonuka mayai ya samaki na ubani uliolala, nikisikia nyuma ya mlango vidole vikikwangua sahani taratibu, kisha sauti mbili zikibembeleza kitu kidogo kinacholia chini ya maji, nilifungua nikakuta ampuli zote tupu, Hubert hayupo, viti viwili vinachuruzika, na tangini maelfu ya mayai, kila moja lina jicho, yote yakageuka kunitazama.

Mezani sahani mbili zilikuwa zimerambwa. Ya tatu ilifunikwa, chakula kimepoa. Ilikuwa yangu.

Watu wanamlaumu jini. Jini alikaribishwa tu, akaja kila siku kwa saa yake. Mimi niliapa.