Rangi Chini ya Nati

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, fundi wa umeme alikutwa akining'inia kwenye mkanda wake juu ya nguzo, amekufa, kiganja kimegusa kisanduku cha kampuni ya simu. Ilipofika saa tatu, shemeji yake aliyekuwa kwenye swichi alishatiwa pingu. Mtaa mzima ulishakata shauri: aliwasha umeme mwenzake akiwa juu.

Inspekta, mama mwenye miwani mizito, hakupenda kesi inayoiva haraka hivyo.

"Ulizima saa ngapi?"

"Saa mbili kasoro kumi, afande. Nikafunga kufuli, nikampa ufunguo. Anayepanda ndiye anayebeba ufunguo, hatuna mchezo na hilo."

Mjane, dada wa huyo mtuhumiwa, alikuwa amempa kaka yake mgongo.

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa marehemu na kufuli halijaguswa. Basi umeme ulitoka wapi? Inspekta akafuata waya wa kisanduku kwa macho. Ulitoka njia nyingine ya umeme, ng'ambo ya barabara.

"Hicho si chetu," shemeji akasema. "Kina stika ya ukaguzi. Tunaiamini."

Mkaguzi wa kampuni ya simu alifika na fomu zake, shati limenyooka kwa pasi.

"Wezi wa shaba hao! Mwezi uliopita nilipanda mwenyewe, nikakaza waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja, kwa mkono wangu. Wameukata."

Njia ya ng'ambo ikazimwa. Inspekta akaomba ngazi na spana, akapanda, ingawa aliogopa kupanda juu kuliko alivyoogopa majambazi. Akafungua nati ya ethi kwenye kisanduku, akashuka na picha ya rangi ya chini yake kwenye simu.

"Nati ikikazwa juu ya waya, rangi inakuwaje?"

Mkaguzi akaitazama picha. "Inakwanguka."

"Hii ni nzima kama ilivyotoka kiwandani. Hapa hapajawahi kufungwa waya. Mwizi kaiba nini?"

Mkaguzi akazikunja fomu. "Nguzo sitini kwa siku moja, mama! Nilisaini nikiwa garini. Nilijua waliofunga walifunga vizuri."

"Ngapi hukupanda?"

Akautazama mtaa. Nguzo ya tatu, mwanamke alikuwa ameifungia kamba, anaanika nguo mbichi.

"Zote."

Pingu zilipofunguliwa, shemeji hakungoja pole ya mtu. Swichi ya ng'ambo ilikuwa imezimwa tu, haina kufuli. Akakimbia, akaifunga kwa kufuli lake jingine, akarudi anahema na kumpa dada yake ufunguo.

"Shika wewe."

Dada akaufumbata, akamgeukia, wakalia pamoja.