Bisibisi Sikioni

Injini iliyokaa miaka mitatu bila kuwashwa haina sababu ya kuwa na joto. Fundi aliigusa ile ya pikapu kuukuu iliyokuwa uani kwake, akauondoa mkono upesi. Ilikuwa na joto la mgonjwa wa homa, na harufu ya nywele zilizoungua.

"Jua tu hili," alijiambia, ingawa gari lilikuwa kivulini.

Pikapu alipewa bure wiki hiyo na kaka yake, yule aliyemlea tangu baba yao afariki. Akabadilisha plagi, akasafisha kabureta, akarekebisha nafasi za valvu. Alasiri akaiwasha, ikaitika mara moja. Kwa mazoea ya kazi yake, akagusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini, mpini akauweka sikioni, asikie kinachogonga.

Akasikia sauti ya kaka yake ikilia chini kwa chini: "Mwache mwanangu. Nenda kwa mdogo wangu. Naye ana binti."

Mkewe akatokea mlangoni. "Mume wangu, njoo! Mtoto anahema vibaya!"

Binti yao alikuwa kwenye kochi, macho wazi, kifua kikipanda na kushuka sawasawa na mngurumo wa uani, na fundi alipokimbia kuzima, akageuza ufunguo, akachomoa waya za plagi zote, injini haikuzimika bali ilipunguza mwendo tu, ikakohoa, na ndani mtoto naye akakohoa, midomo ikabadilika rangi, mama akapiga ukunga, hadi fundi akaikaza skrubu ya kabureta, injini ikaongeza mwendo, na pumzi za mwanawe zikarudi.

Kikulacho ki nguoni mwako. Akapiga simu.

"Kaka, ulijua?"

Simuni, nyuma ya kaka, mtoto wake, aliyelala kitandani mgonjwa mwaka mzima, alisikika akicheka na kudunda mpira.

"Mganga alisema jini halitoki bila kupewa pengine pa kukaa," kaka alinong'ona. "Ningefanyaje?"

"Ungeniambia! Mimi si mdogo wako?"

"Petroli isiishe. Na usije kwangu."

Simu ikakatika. Jini ni jini tu. Kilichomuuma fundi ni yule aliyemlea.

Akachovya kijiti kwenye tangi. Kilitoka kimelowa ncha tu. Akanyakua dumu, akakimbia, na kila hatua alitega sikio nyuma.